Siku Loshoro ya Bibi Ilipovuka Maji

Juisi ya bungo haikupi nafasi ya kujiandaa. Unapiga funda la kwanza, macho yanajifumba yenyewe, mashavu yanavutwa ndani, na kabla hujajua kama umeipenda au umeichukia, mkono umeshapeleka glasi mdomoni tena. Ndivyo ilivyonikuta mwezi uliopita, nimekaa kwenye benchi la mbao nje ya kibanda cha chakula, katika kichochoro kimoja cha Unguja ambacho ukiniambia nikupeleke leo sitakiona. Nilikuwa nimetoroka semina ya kazini. Wenzangu walikwenda ufukweni kupiga picha, mimi nikaenda kutafuta nyumba moja niliyolala utotoni. Nilizunguka mpaka miguu ikaniuma, nyumba sikuiona, nikaamua angalau nikate kiu.

Mwenye kibanda alikuwa binti mwenye ushungi wa njano na mdomo usiopumzika. Aliponiona ninavyokunja uso kwa lile bungo alicheka, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Arusha.

"Aa, wa bara!" akasema, kwa sauti ya kumhurumia mtu aliyekosa malezi. "Basi kaa hapo hapo mgeni, usiondoke. Kuna kitu nataka uonje. Hujapata kukila maishani mwako."

Akaingia ndani. Nikamsikia akifunua sufuria, nami nikabaki na ule uchachu ulimini. Rafiki yangu, miaka yote iliyopita katikati ikaniondokea. Maana bungo langu la kwanza nililinywa katika kisiwa hiki hiki nikiwa darasa la tatu, na sikulinywa kwa starehe. Nilikuwa kazini. Nilikuwa ulimi wa Bibi.

Tulikuwa tunakaa Kaloleni, nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, bomba moja na milango mingi. Baba na mama walitoka asubuhi kwenda kuhangaika na maisha, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi, mama yake baba, aliyeteremka kutoka kwenye migomba yake huko Meru baada ya Babu kufariki. Aliteremka na sanduku la bati, mablanketi mawili na kibuyu chake cha maziwa. Kibuyu hicho kiliwahi kupasuka ubavuni, akakishona mwenyewe kwa uzi mweusi, mshono mrefu uliopinda katikati kama kovu la mtu aliyeshonwa kwa haraka. Aliamini kimekuwa kizuri zaidi baada ya kupasuka. Kila mara kabla ya kutia maziwa alichoma kijiti cha mzeituni mwitu mpaka kikawa kaa, akakisugua ndani ya kibuyu, moshi ukatoka mdomoni mwa chombo kidogo kidogo. Moshi ule uliochanganyika na maziwa ndiyo harufu ya Arusha kwangu hadi leo, pamoja na baridi ya Julai na udongo mweusi ulionyeshewa.

Humo maziwa yalilala siku kadhaa yakawa mtindi, na mtindi ule ndio ulioleta loshoro. Kama hujui loshoro, pole sana, umeishi nusu. Ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa mpaka yakalegea, yakapondwa na ndizi mbichi zilizoiva motoni, kisha yakamiminiwa mtindi mwingi na kukorogwa mpaka mwiko uanze kulalamika. Inaliwa ikiwa imepoa. Ina uchachu, ina utamu wa mbali wa ndizi, na ina ule moshi. Bibi akiikoroga, watoto wote wa pale uani tulikuwa wapole ghafla na wenye adabu.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa jirani yetu, mama wa Kiunguja aliyeolewa na mfanyabiashara wa bara, akamfuata Arusha, na mume akamwacha mjane na binti mmoja. Alikuwa mwembamba, msafi, na jikoni kwake kulinukia iliki hata siku ambayo hakupika. Uani kwetu sahani ya mwenzako haikurudi tupu. Ukiletewa vitumbua, unarudisha na ndizi, na kama huna kitu kabisa unarudisha na chumvi. Ndiyo sheria iliyomkutanisha jirani na Bibi, na ilianza na kosa kubwa.

Ilikuwa Ramadhani ya kwanza ya Bibi mjini. Jirani alituletea bakuli la urojo, ule mchuzi wa njano mzito wenye bhajia, viazi, kachori na chatne juu. Bibi alikuwa hajawahi kuuona. Aliuzunguka, akaunusa, kisha akafanya jambo ambalo Mmeru yeyote mwenye akili zake angelifanya akiletewa mchuzi: akasonga ugali. Jirani alipokuja kuangalia bakuli lake alitukuta tumezunguka sinia, tunamega matonge na kuyatumbukiza kwenye urojo wake. Alishika fremu ya mlango. Alicheka mpaka akakaa chini, khanga ikamfunika uso.

"Mama, huo hauliwi na ugali! Huo unanywewa!"

Bibi hakuacha hata kutafuna. "Kwenu labda," akamjibu. "Hapa umepata mwenzake."

Kesho yake bakuli lilirudi na loshoro. Jirani aliionja akiwa amesimama, kwa heshima tu, nikamwona anakaa. Tangu siku ile alimwita Bibi mama, na hakuwa anatania.

Basi binti wa jirani, ambaye mimi nilimwita dada kwa sababu ndiye aliyenisuka nywele, akaposwa na kijana wa Unguja. Harusi ingefanyika huko huko, nyumbani kwa dada mkubwa wa jirani, mwanamke ambaye ukoo mzima ulimwita Bi Mkubwa. Uani tulipiga vigelegele. Lakini siku moja alasiri, Bibi na jirani wakiwa wanachambua mchele mkekani, jirani akaanza kulia kimya kimya juu ya ungo.

Alimweleza Bibi yote, nami nilikuwa pale pale nikijifanya natafuta mawe kwenye mchele. Bi Mkubwa hakuwahi kumsamehe kwa kumfuata mume bara. Kila alipokwenda kusalimia, aliulizwa mbele ya watu kama bado anakula majani, na kama ng'ombe wa huko wanamwachia kidogo. Sasa siku ya hina, kila mama wa upande wa bibi harusi angekuja na sufuria aliyoipika kwa mkono wake. Wakwe wangekuja na mashangazi na wajomba zao. Na yeye, mama mwenye binti, angekuwa peke yake, hana mtu hata mmoja wa kutoka huko alikoishi wa kuonyesha kwamba hakupotea, kwamba alikwenda kwa watu.

Bibi hakumbembeleza. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimuuliza tu, "Mimi ni nani wako?"

"Wewe ni mama yangu."

"Basi mama yako atakuja na sufuria. Nitapika loshoro."

Jirani aliacha kulia pale pale, lakini si kwa furaha. Nilimwona usoni, ilikuwa hofu tupu. Sufuria ikirudi imejaa siku ile, mbele ya wakwe, dada yake angekuwa na neno la kumchoma nalo mpaka kaburini. Hata hivyo alirudia kuchambua mchele wake. Bibi akishasema, ilikuwa imekwisha.

Tukasafiri: jirani, dada, Bibi na mimi. Bibi alibeba mahindi yake yaliyokobolewa, mkungu wa ndizi mbichi alioukata mwenyewe shambani, kijiti cha mzeituni, na mtindi. Hapo kwenye mtindi ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa baridi. Aliogopa konda asije akakataa kibuyu, kwa hiyo akauhamishia mtindi kwenye dumu la plastiki, akaweka nailoni mdomoni, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akalitia kwenye buti ya basi. Kibuyu kitupu akakipakata.

Kwetu mtindi ungekaa humo kwa amani. Lakini basi liliteremka, Same ikapita, joto likapanda, tukafungua madirisha, na huko chini kwenye buti dumu lilikuwa linavimba bila mtu kujua. Tulipofika karibu na Korogwe tukasikia mlio. Dereva alidhani ni tairi. Konda alifungua buti, akarudi amepakaa maziwa mpaka kwenye nyusi.

"Nani kaweka bomu humu?" akauliza.

Abiria walicheka, isipokuwa wale wenye mabegi. Bibi aliteremka, akaomba radhi kwa kila mmoja, akafuta mabegi yao kwa kitenge chake, akarudi kukaa. Jirani alimshika mkono akamwambia, "Mama, basi tuache. Utapika ndizi za nyama." Bibi akaangalia nje ya dirisha. "Nilisema loshoro," akajibu.

Katika boti alitapika, akasali, akatapika tena, lakini kibuyu hakukiachia.

Bi Mkubwa alitupokea mlangoni. Alikuwa mnene, mrembo, ana sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na wengine, na alisema maneno mazuri yenye miiba ndani. "Karibuni, karibuni wageni wetu wa bara. Poleni na safari. Na huyu mwana mbona mkavu hivi, huko hamna mafuta?" Nikasema shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanipa kileja, biskuti laini ya samli. Kilikuwa kitamu mno, na nikajilaumu kwa kukipenda.

Asubuhi yake Bibi aliniamsha mapema, akanivalisha gauni langu la sikukuu, akaniambia, "Leo tunakwenda kuijua midomo yao. Siwezi kuwapikia watu nisiowajua midomo." Tatizo ni kwamba Bibi alikuwa hali kitu chochote cha majini. Alisema vitu vya majini yeye havijui, na vyenyewe havimjui, na ni vizuri ibaki hivyo. Hata vya nchi kavu aliogopa visiwe vimepitia sufuria moja na samaki. Kwa hiyo kula ilikuwa kazi yangu. Yeye alikuwa wa kuuliza.

Rafiki yangu, mtoto gani alipata kazi kama ile? Tulitembea na dada mpaka Darajani na kila penye moshi tulisimama. Nilikula mkate wa kumimina ambao ulikuwa na matundu madogo madogo na harufu ya nazi. Nilikula shelisheli la kukaanga, nikadhani ni kiazi kilichosoma. Nilikula embe mbichi lenye pilipili na chumvi mpaka ulimi ukawaka. Nilikula pweza, kipande kizima chenye vikombe vyake, Bibi akiwa ameangalia pembeni na mkono kifuani. Nilikunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, nikanywa ukwaju, na mwishowe bungo, ambalo lilinifumba macho na kunifanya nipige mguu chini.

Kila baada ya tonge Bibi aliniinamia. "Sema."

"Tamu, Bibi."

"Tamu siyo jibu. Chachu?"

"Chachu."

Akanipeleka kwingine. "Sema."

"Kali. Na chachu."

Kwa muuza urojo aliuliza mwenyewe kwa nini anakamua ndimu juu ya kitu kilicho chachu tayari. Yule mama alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi. "Bila ndimu watarudisha," akasema.

Bibi akasimama katikati ya soko, watu wanampita huku na huku, akaanza kutabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu Babu afariki. "Mjukuu wangu," akaniambia, "hawa ni watu wa uchachu. Wanautafuta kila mahali. Midomo yao haina shida na sisi. Shida yetu ni maziwa tu."

Maziwa ya nyumba ile yaliletwa na mzee mmoja wa baiskeli kutoka shamba. Bibi alimvizia mlangoni, akamhoji juu ya ng'ombe wake kama anayetaka kumwoza binti: anakula nini, amezaa lini, anakamuliwa na nani. Mzee alijibu yote kwa adabu, akasema tangu azaliwe hajawahi kuulizwa. Asubuhi ya siku moja kabla ya hina akaleta maziwa ambayo hayajapita motoni, yana joto la ng'ombe bado.

Lakini hina ilikuwa kesho yake, na kwetu Arusha mtindi unataka siku mbili, tatu, na wakati wa baridi hata nne. Jirani alilijua hilo. Alikaa jikoni akichonga karoti bila kuona anachochonga. Bibi akakaa uani kwa Bi Mkubwa, akawasha kijiti chake, akaanza kukisugua ndani ya kibuyu. Moshi ukapanda. Wanawake wakatoka jikoni mmoja mmoja, na nyuma yao akatoka Bi Mkubwa.

"Mama, unachoma chombo cha maziwa?"

"Nakifukiza," Bibi akasema. "Kisipofukizwa, maziwa hayapati akili."

Nilingoja mwiba. Bi Mkubwa aliinama, akaunusa ule mdomo wa kibuyu, akanusa tena. Kisha akasema, polepole, kama anayejisemea, kwamba bibi yake yeye aliufukiza mtungi wa maji kwa ubani kila Alhamisi, na maji ya mtungi ule hayakuwa na mfano. Akarudi jikoni. Lakini mchana ule alimletea Bibi stuli, na kabla ya hapo Bibi alikuwa amekaa kwenye kinu.

Asubuhi ya hina Bibi alikiinua kibuyu, akakitikisa karibu na sikio. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Jirani alikuwa nyuma yetu amefumba macho, midomo inacheza kwa dua. Bibi akamimina. Haikutoka kama maziwa. Ilitoka nzito, vipande vipande, ikaangukia kikombeni kwa mlio ule ule wa nyumbani.

"Sema," Bibi akaniambia.

Nikaonja. Ulikuwa mtindi. Ulikuwa mtindi wa Meru, wenye moshi, mchachu kuliko tulivyozoea, umeiva kwa usiku mmoja tu katika joto lile. Nikawa naruka ruka. Bibi alielewa kabla sijajibu. Alicheka kwa sauti, akapiga kibuyu kofi. "Joto lilinimwagia langu njiani," akasema, "sasa limenilipa." Jirani alimkumbatia kwa nyuma, na wote wawili nusura waanguke kinuni.

Ule ua ukajaa. Mikeka ilitandikwa, mashangazi wa bwana harusi wakaja na mikufu yao, manukato yakashindana na biriani. Sufuria zilipangwa mstari: pilau, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, katlesi, mikate ya kila namna. Mwisho kabisa, nyeupe peke yake, ilikuwa sufuria ya Bibi. Shangazi mmoja wa upande wa pili aliichungulia, akauliza kwa sauti, "Uji huu wa mgonjwa gani?"

Watu wakacheka. Jirani akaangalia chini, anasokota pindo la khanga. Bibi akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha mlimani, kizito, lakini siku ile kila mtu alikisikia.

"Huo si uji. Ni loshoro. Nimeipika mimi, mama wa huyu."

Na akamwekea jirani mkono begani.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa mwenye nyumba aonje kila sufuria kwanza. Bi Mkubwa akafika kwenye yetu akiwa ameshashiba sifa za wengine. Akapakua bakulini, akachota kijiko. Akachota cha pili. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Nipeni pilipili ya embe." Nikamwona Bibi anakaza taya: pilipili kwenye maziwa! Bi Mkubwa akaitia, akakoroga, akala. Halafu akafanya jambo moja dogo ambalo sitalisahau mpaka nife. Akakaa chini kabisa mkekani, akavua bangili, akavuta bakuli likaja mapajani.

"Mdogo wangu," akasema, na ua wote ukageuka, "miaka yote hiyo ulikuwa ukila hivi na hutwambii?"

Jirani alicheka na kulia kwa pamoja. Dada, mikono yote ina hina mbichi, alipiga vigelegele. Na baada ya hapo sikupata nafasi ya kuona kitu kingine, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na upawa na kila mtu alinitaka. Nipe na mimi hiyo ya Meru. Hebu nitilie ya Meru. Yule shangazi wa uji alirudi akajifanya ni kwa ajili ya mama yake mzee. Sufuria ilikwanguliwa, kisha ikapanguswa kwa mkate wa kumimina, kisha watoto wakaingiza vichwa. Samaki wa kupaka alibaki. Nasema alibaki! Jirani aliizunguka mikeka yote akiwauliza wageni kama wameshiba, kichwa juu, kama mwenye nyumba.

Jioni Bi Mkubwa alikuja na sahani ya pweza wa nazi, akaiweka mbele ya Bibi. "Mie nimekula chako," akasema. Hakukuwa na pa kukimbilia. Bibi alifumba macho, akatafuna muda mrefu sana, tukimtazama sote. "Kutafuna kumenishinda," akatangaza, "lakini ladha haijanishinda." Akamaliza sahani.

Kabla ya kuondoka alimfundisha Bi Mkubwa kila hatua, na kwa kuwa kibuyu kilikuwa na maziwa yanayolala, akasema chombo chenye maziwa hakihamishwi. Akakiacha. Sahani hairudi tupu, hata ya kisiwani, kwa hiyo tukarudi Arusha na mbuzi ya kukunia nazi, ya mti mzito, iliyolainika kwa kukaliwa na vizazi. Bado iko jikoni kwangu. Bibi aliitumia mpaka mwisho wake, na watu wa Meru waliokuja kumtembelea walidhani ni kiti cha mtoto.

Sasa Bibi hayupo, na jirani alimfuata binti yake Unguja, akazikwa huko huko kwao. Nyumba ya Kaloleni imevunjwa, yamepanda maduka ya simu. Mimi nimejenga Moshono, nina geti na ukuta, na jirani yangu wa leo namjua kwa honi yake. Sahani ipite wapi? Ukuta wake una nyaya juu. Wanangu wanajua mtindi wa pakiti wenye picha ya ng'ombe anayecheka, na loshoro niliwahi kuwapikia mara moja kwa mtindi huo. Haikuwa na moshi, haikuwa na lolote. Walikula kwa adabu, na adabu yao iliniuma kuliko kama wangekataa.

"Haya, mgeni."

Binti wa ushungi wa njano alikuwa amerudi. Aliniwekea bakuli mbele. Ilikuwa nyeupe, nzito, na juu yake kijiko cha pilipili ya embe. Kabla sijagusa kijiko moshi ulinifikia puani, nikashika ukingo wa benchi.

"Hii inaitwa meru," akanieleza, kwa upole wa mwalimu kwa mtoto mzito wa kuelewa. "Usiogope, ina uchachu kidogo. Chakula cha asili cha hapa kwetu, cha mabibi zetu. Harusi bila meru watu watasema. Huko bara hamna."

Nilikula kijiko cha kwanza, nikala cha pili. Nikaanza kucheka na machozi yanatoka, na binti akanisukumia maji akidhani ni pilipili. Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini nilimfikiria Bibi, aliyepigana siku ile sufuria isirudi imejaa, na leo sufuria yake imekuwa ya watu hawa kiasi kwamba wanamkaribisha nayo mjukuu wake kama mgeni. Ushindi gani unazidi huu? Nikamnyooshea bakuli.

"Niongeze," nikamwambia. "Na unifundishe, nikawapikie wanangu Arusha."

Akafurahi, akavuta stuli, akakunja mikono ya gauni.

"Kwanza lazima uwe na kibuyu," akaanza. "Sufuria haitakupa kitu. Sisi tunacho kimoja humo ndani, cha zamani sana, kimeshonwa ubavuni kwa uzi mweusi. Lakini kile hakiuzwi, mgeni, nakwambia mapema."

Nikamwambia sikuja kukinunua, aendelee.